Chekechea Niliyoikagua Roret

Kaunti ilinituma nilinganishe chekechea za umma, ili yenye hali mbaya zaidi ijengewe darasa. Nilipofika Roret mvua kubwa ilinikuta, nikaingia darasa la kwanza nililoona. Lilikuwa na sakafu ya simiti, picha ukutani na bembea nje. Mwalimu akanipa chai, wala sikumuuliza jina la shule. Nikaandika, "Haihitaji msaada."

Jana, mbele ya wazazi wa Roret, nilitangaza kwa majivuno kwamba darasa limeenda kwa chekechea ya Kapsoit. Mwalimu wao, Madam Chebet, akasimama polepole.

"Samahani, afisa. Ile uliingia ni ya kanisa, ya kulipa. Yetu ni kile kibanda cha kupimia majani chai, hapo nyuma. Watoto walikupungia mkono ukienda."

Uamuzi ulikuwa umeshatiwa sahihi, na wazazi wote walikuwa wananiangalia.