Kidomo cha Wifi

Sitaki kumsema wifi yangu vibaya. Nimeishi naye miaka kumi na mitano tangu kaka yake anioe, nyumba moja, jiko moja, bafu moja, na tukigombana tunapatana kabla chai haijapoa. Lakini hili nitalisema, maana na mimi nimo.

Wifi ni dobi. Si dobi wa kubahatisha, jamani. Yuko kwenye duka la kufulia nguo pale kona ya mtaa wetu, meza ya pasi ya pili kutoka dirishani, na shati la mikono mirefu analimaliza wakati wewe hujamaliza kusimulia ya jana. Jumatatu ndiyo siku yake kubwa, kwa sababu bendi ya mji huleta sare zao: makoti mekundu yenye kamba za dhahabu mabegani. Haruhusu mtu mwingine ayaguse. "Huyu wa tarumbeta," atakuambia, "anatoka jasho kwapa la kushoto tu. Na huyu wa ngoma kubwa, suruali yake inakwisha goti la kulia." Anawajua wote kwa nguo zao. Wao hata jina lake hawalijui.

Aliwahi kuwauliza kama kuna nafasi. Wakamwambia karibu sana, aje na chombo chake. Chombo chenyewe ndicho hana! Honi moja ya kupuliza inazidi mshahara wake wa mwaka mzima. Akajaribu kwaya. Mwalimu wa kwaya akamsikiliza, kisha akamwomba kwa adabu asimame karibu na mlango. Wifi hakungoja aambiwe mara ya pili, alitokea mlango huo huo.

Shuleni alikuwa mtu, lakini. Mimi nilikuja hapa bibi harusi, nikamkuta kijana wa kidato cha kwanza anarudi jioni na alama ya duara nyekundu mdomoni. Alipiga baritoni, ile honi kubwa inayopakatwa kifuani kama mtoto mchanga, yenye vitufe vitatu juu. Siku ya kumaliza shule nilikwenda kumsikiliza, nikalia hadi nikaona haya. Kesho yake kila mtu akarudisha chombo cha shule. Wenzake wakaenda na vyeti. Yeye akarudi na cheti na kidomo.

Kidomo ndivyo tulivyokiita sisi nyumbani: kikombe kidogo cha chuma anachowekea midomo mpigaji, kinachochomekwa kwenye honi. Ukikipuliza peke yake hakitoi muziki. Kinatoa vuuu, vuuuu, sauti ya nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nilimwuliza amekitoa wapi. "Kumbukumbu," akasema. Nikaacha hapo hapo, nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu anayemwaga kila kitu.

Basi kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi, robo saa bafuni kabla hajafungulia maji: vuuu, inapanda, inashuka, inapanda tena. Kazini kidomo kiko kwenye mfuko wa aproni, na mkono usioshika pasi unabonyeza ukingo wa meza kwa vidole vitatu. Nikambandika jina la Nzi. Nikigonga mlango wa bafu nasema, "Nzi, toka, watu wana safari!" Hakukasirika hata siku moja.

Binti yangu alipoanza kidato cha kwanza, shule ile ile ya shangazi yake, alikimbilia bendi kabla hajajua darasa lake liko wapi. Ni shangazi huyo aliyemtia ugonjwa, alimfundisha kuhesabu mapigo kwa kijiko tangu hajaota meno ya ukubwani. Vyombo havikutosha. Akapewa pembetatu, kile kichuma cha kugongwa. Baba yake akaanza kumwita Ting, na mtoto akacheka, lakini mama anajua kicheko cha mwanawe. Katika wimbo mzima anagonga mara nne.

Jioni moja tuko mezani, akaja amechangamka.

"Mama, kuna baritoni stoo! Kubwa, inang'aa ukiifuta vumbi. Mwalimu anasema mimi ndiye ningepewa, nina pumzi."

"Sasa si akupe?" baba yake akasema.

"Haina kidomo. Kuna mtu alikiiba zamani. Wamejaribu cha tarumbeta, kinadumbukia ndani. Madukani wametafuta wee, hakuna kinachoingia, honi yenyewe ni ya kizamani." Akageuka. "Shangazi, wewe si ulisoma pale? Mtu gani anaiba kidomo peke yake? Si bora aibe honi nzima!"

Mimi nilikuwa nimeshika kijiko. Kilibaki hewani.

"Tulikuwa wengi," wifi akasema. Akainuka kukusanya vyombo. Haikuwa zamu yake, na alimchukulia kaka yake sahani akiwa bado anatafuna.

Asubuhi yake bafu lilikuwa kimya. Na ya pili. Siku nne, maji tu. Mimi niliyeomba kimya miaka kumi na mmoja, kimya kile kilinikera kuliko nzi. Wanasema za mwizi ni arobaini. Nilijua zimefika, na nilijua mwizi analala chumba cha pili.

Siku ya tano nikachukua shuka iliyo safi kabisa, nikaenda nayo dukani kama mteja.

"Wifi," nikamwambia, "mtoto anapiga ting."

"Najua."

"Unajua, na unapiga pasi!"

Akaisimamisha pasi. "Nilidhani watanunua kingine. Naapa. Stoo ilikuwa imejaa vyombo. Nilikiosha bombani siku ya kurudisha, nikakifuta vizuri, halafu mkono ukakataa kukiachia. Nikasema hiki kidogo tu, nani atakiona?"

"Basi kirudishe."

"Nikikirudisha nabaki na nini?" Sauti ilimpanda, wenzake wakageuka. "Wewe una mume, una mtoto, una mlango wa bafu wa kugonga. Mimi nina robo saa yangu mle ndani. Basi."

Niliona aibu. Lakini hasira ilikuwepo pia, mimi si malaika. Mwanangu yule anagonga chuma mara nne anarudi nyumbani. Kwa hiyo nikatafuta njia rahisi, kama kawaida yangu. "Nipe mimi," nikasema. "Nitasema nimekiona kwa wauza vyuma chakavu. Mtoto anapata, wewe unasitirika, yamekwisha."

Akafikiri. Akatia mkono kwenye aproni, akanipa. Kilikuwa cha moto kwa joto la mwili wake. Nikakifunga kwenye ile shuka, nikafika mlangoni, nikasikia, "Wifi. Kirudishe hapa."

Loh, nikajua ameghairi.

"Nitakipeleka mwenyewe," akasema. "Siku moja atajua tu. Akijua tulimficha mimi na wewe, atatuchukia wawili. Bora amchukie mmoja."

Nikakifungua kwenye shuka, nikamrudishia. Nilirudi nyumbani na shuka yangu.

Jumamosi tulikwenda pamoja. Alitaka kumwona mwalimu faraghani, lakini ni nani hupata faragha kwenye chumba cha bendi? Ting alituona dirishani, akaja mbio na pembetatu mkononi, amefurahi tumekuja kumsikiliza. Mwalimu ni yule yule wa zamani, nywele tu zimeoga mvi. Wifi hakuzunguka. Akafungua kitambaa, akasema, "Shikamoo mwalimu. Hiki nilikichukua mimi."

Mwalimu hakupokea kwanza. Alikitazama.

"Miaka kumi na mmoja," akasema. "Kila mwaka wanakuja watoto wapya, na kila mwaka kuna mmoja anakwenda moja kwa moja kwenye honi ile. Namwambia iweke chini. Kila mwaka, binti. Hesabu mwenyewe."

Hakupaza sauti. Afadhali angefoka.

"Nisamehe, mwalimu."

"Mimi si wa kuombwa."

Ting aliiweka pembetatu juu ya kiti, taratibu, akatoka nje. Hakumtazama shangazi yake. Wifi alitaka kumfuata, nikamshika mkono.

Na balaa halikuishia hapo. Mwalimu alipochomeka kidomo, vitufe vilikuwa vimeganda, havibonyeki hata kwa dole gumba. Wifi akaomba aende nayo nyumbani akaisafishe. "Uniletee nusu?" mwalimu akasema. "Haivuki mlango huu." Nilitamani kumjibu, wallahi, lakini alikuwa na haki yake.

Basi wifi akawa anakwenda kuisafishia huko huko. Jumamosi tatu, akitoka kazini saa saba, na ndoo, sabuni, maji ya vuguvugu, na vitambaa alivyofunga kwenye fimbo nyembamba. Madobi wanajua uchafu. Wanajua upi unasuguliwa na upi unangojewa. Nyumbani Ting alikuwa anampitia kama anavyopita kabati. Shikamoo yenyewe alikuwa anaisemea ukutani. Baba yake akataka kumkanya, nikamwambia amwache, mtoto ameumizwa, na yeye ni mtu.

Jumamosi ya tatu nilikuwepo. Vitufe vilishuka na kupanda vyenyewe, laini. "Ijaribu," mwalimu akasema.

Wifi aliipakata. Akapiga sauti moja tu, ndefu. Mungu wangu! Ilitoka nene, safi, ikajaa chumba, na nikaelewa kumbe bafuni kwangu miaka yote hiyo kulikuwa na hiki. Mwalimu aliinua kichwa. Nilidhani atapiga wimbo mzima. Mimi ningepiga hadi nifukuzwe. Yeye akachomoa kidomo, akakifuta, akakiweka mezani mbele ya mwalimu. Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

"Jumamosi ijayo uje," mwalimu akasema, bado amenuna. "Hawa wa honi hawana mtu wa kuwakazia midomo. Na utatokea mlango wa mbele, nikuone mikono."

"Nitakuja," wifi akasema.

Mwalimu ana sheria yake: mwezi wa kwanza wa kujifunza mtoto hagusi honi, anapewa kidomo tu aende nacho nyumbani akafundishe midomo. Kwa hiyo Jumatatu kidomo kilirudi kwetu, safari hii kwa ruhusa, kwenye mfuko wa Ting. Alipita nacho mbele ya shangazi yake kama askari.

Asubuhi ikaanza. Pffff. Vu. Pfffff. Punda ana sauti nzuri zaidi. Wifi alikuwa jikoni na kikombe cha chai, na nikaona midomo yake inajikaza yenyewe.

"Nenda," nikamwambia.

"Hajaniita."

Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Pfff, na hasira, na kitu kikitupwa kwenye ndoo. Wifi anakunywa chai, anatazama meza. Mume wangu naye amesimama kwenye korido na taulo begani, anangoja zamu yake, amechelewa kazini.

Siku ya nne mlango wa bafu ulifunguka kidogo.

"Shangazi." Mwezi mzima hajalitamka neno hilo. "Midomo inawasha. Naharibu wapi?"

Wifi aliweka kikombe chini, nusu ya chai ikamwagika. "Unakaza katikati," akasema akiwa tayari anakwenda. "Kaza pembeni, katikati pawe huru. Nisikilize." Na akaonyesha, bila kidomo, bila kitu, kwa midomo mitupu: vuuuu, inapanda, inashuka.

Mlango ukafungwa, wote wawili ndani. Vuuu mmoja, pfff mwingine, halafu vicheko, halafu vuuu mbili.

Mume wangu akainua mkono kugonga. Nikamshika taulo, nikamwambia akaoge kwa jirani.