Foronya ya Bawa la Kushoto

Bawa la kushoto lilikaa sebuleni kwake miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kukaa vizuri katika nyumba ile. Lilianzia mlangoni likaishia dirishani, limelazwa juu ya stuli nne, na dirisha lenyewe lilipigiliwa misumari lisifunguke, vumbi lisije likaingia kwenye gundi. Bawa la kulia lilikuwa chumbani, limeegemezwa ukutani kwa urefu wake, upande wa kitanda ambao zamani alilala mumewe. Kiwiliwili cha ndege, mifupa mitupu ya mabomba ya chuma, kilikaa bandani nyuma ya nyumba.

Majirani walimwita Mama Mabawa. Muuza mkaa wa ng'ambo ya njia ndiye aliyelianzisha jina hilo, siku alipomkuta ametandaza mbavu za mbao uani zikauke vanishi.

"Shoga," alimwambia, "wenzako wanaanika nguo, wewe unaanika ndege. Ikiota manyoya uniite."

Alicheka naye. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Ndege aliinunua vipande vipande, imefungwa ndani ya masanduku, pamoja na michoro na kitabu kinene. Kitabu hicho mke hakuweza kukisoma. Shule aliijua kwa nje tu, akiipita na ndoo ya maji kichwani. Lakini michoro aliielewa upesi kuliko mumewe, kwa sababu yeye ni fundi cherehani, na kwake ubavu wa bawa ulikuwa kama mkono wa gauni: unapima, unakata, unaunganisha, ukikosea kidogo kwapani nguo nzima inakwenda upande. Wakagawana kazi. Bawa la kulia lake, la kushoto la mumewe. Kila alipomaliza nguo za watu alikaa na mbavu zake, akazipiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama.

Kisha siku moja alipeleka chakula klabuni, kule marubani walikokutana, akamsikia mumewe anawaambia wenzake kwamba ndege kaijenga peke yake. "Mke wangu ananishikia taa tu," alisema, na wote wakacheka. Yeye akaweka sufuria mezani akarudi nyumbani. Hakusahau.

Miaka miwili iliyopita mumewe akahamia kwa muuza dawa wa barabara kuu, mwanamke mwenye chumba kimoja na maringo ya vyumba sita. Ndege haikuenea kwenye chumba hicho, kwa hiyo ilibaki. Mwanamume akawa anakuja kila Jumamosi. Anapiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, anaitazama ndege, anaondoka. Watoto walishakwenda zao mbali, mmoja kaolewa, mwingine kaoa. Siku sita za wiki mama huyu aliishi na mabawa mawili, na ya saba aliishi na mgongo wa mume.

Ndege ya namna ile huvishwa kitambaa. Kitambaa hushonwa kama foronya, kikavutwa juu ya bawa zima, kikagundishwa kwenye mbavu, kisha kikapitishwa pasi ya moto mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Bawa likishavishwa, kilichomo ndani hakionekani tena. Ndiyo maana mkaguzi wa ndege huja kwanza.

"Mama watoto," mumewe alimwambia Jumamosi moja, huku anatazama misumari ya dirisha badala ya uso wake, "zile foronya nani atazishona kama si wewe?"

"Muuza dawa hana sindano?"

 Lakini mama alizishona, zote mbili, mshono mara mbili kila ukingo. Hakuzishona kwa mapenzi. Hakutaka tu mkono wa mtu mwingine uguse bawa lake.

Alhamisi kabla ya ukaguzi alikuwa anafuta gundi ya kitambaa kwenye mkasi, kwa kitambaa kichafu alicholowesha ile dawa kali ya kuyeyushia. Kwa kitambaa hicho hicho akafuta doa kwenye bawa la kushoto. Kikatoka na rangi ya chai, kinanata. Akasugua ubavu wa pili, kikanata tena. Akaenda chumbani akasugua bawa lake: kitambaa hakikunata, mbao inang'aa kama mwanzo.

Hapo akakumbuka. Msimu mmoja wa mvua vanishi ya ndege ilimwishia mumewe, ile inayochanganywa kutoka makopo mawili. Alimwona anapaka nyingine, akamwambia, "Hii inanuka kama kabati letu la vyombo."

"Vanishi ni vanishi," alijibu mumewe. "Na wewe umesomea wapi?"

Kumbe ilikuwa ya kabati kweli. Na gundi ya kitambaa ina dawa ile ile ndani yake. Ingeila vanishi ya kabati taratibu, kitambaa kingeshikilia utelezi tu, na siku moja huko juu, upepo ukiingia chini yake, kingefumuka.

Akakaa kwenye cherehani bila kushona. Nani kaniuliza, alijiambia. Mshika taa huulizwa habari za vanishi? Akawaona wawili wamepanda, mumewe mbele, muuza dawa nyuma na miwani yake ya jua. Ijumaa yote alizunguka na jambo hilo kinywani kama jiwe. Kila alipotaka kulimeza, aliliona bawa la kulia. Likianguka la kushoto, la kulia halitabaki hewani peke yake. Litakwenda nalo.

Jumamosi mkaguzi akaja, mzee mwembamba mwenye kitochi na kioo kidogo cha kutazamia pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Naona umelala na ndege miaka."

"Ndege haikoromi," alisema.

Mzee alitabasamu, akafanya kazi yake. Akagusa kila bolti, akavuta kila waya, akagonga mbao kwa ukucha akasikiliza. Mumewe alikuwa nyuma yake, anaeleza mpaka visivyoulizwa. Saa mbili zikapita. Mwishowe mzee akatoa kalamu.

"Vanishi yote ni ya makopo mawili?"

"Yote," alisema mumewe.

Mama alikuwa mlangoni na sinia la chai. Mzee akafungua daftari lake.  Mama akaweka sinia sakafuni, akachukua kitambaa na kopo la dawa, akasugua ubavu wa kushoto mbele yao.

"Gusa, mzee."

Mzee akagusa. Vidole vikanata. Akamtazama mwanamume, naye mwanamume akatazama misumari ya dirisha.

"Na lile la chumbani?"

Akawaongoza, akasugua. Kitambaa hakikunata.

"Hili kalipaka nani?"

"Huyu," alisema mumewe.

"Huyu nani? Naandika."

"Mke wangu."

"Andika fundi," alisema mama. "Hayo mengine hayamo kwenye bawa."

Mzee akaandika, akanywa chai yake yote, akasema la kushoto likwanguliwe lote hadi kwenye mbao.

Alipoondoka, mumewe alibaki amesimama na kikombe. "Ungeweza kunyamaza," alisema.

"Ningeweza."

"Basi nisaidie kukwangua."

"Kwangua mwenyewe. Ufuate nyuzi za mbao, usizikate."

Akakwangua Jumamosi saba, yeye sebuleni, mama barazani na cherehani.  Jumamosi moja sauti ya kikwanguo ilibadilika, na mama akajua kwamba anakata nyuzi. Akasimamisha cherehani. Ndani nako kikwanguo kikasimama, kisha kikaanza upya, sawasawa. Siku ya mwisho, vanishi mpya ilipokwisha kukauka, mwanamume alitoka barazani akamwonyesha kitambaa kilicholowa dawa. Mama akakigeuza huku na huku.

"Na kwenye ncha?"

Akarudi ndani kusugua ncha.

Mkaguzi aliporudi alitia sahihi. Bawa la kulia na la kushoto yakavishwa foronya zake, mama akayapiga pasi kwa mkono wake, kisha likaja lori. Mumewe alikaa nyuma kuyashikilia yasicheze. Hakupunga mkono, labda kwa kuwa yote miwili ilikuwa na kazi.

Mama akaingia sebuleni na nyundo, akang'oa misumari ya dirisha mmoja mmoja. Upepo ukaingia. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyokikumbuka. Akaleta kiti, akakiweka katikati, akakisogeza ukutani, akakirudisha katikati. Mwishowe akakaa pale kilipokuwa, akausikiliza mlango wa uani ukijigonga, na hakuinuka kuufunga.