Tulivyotandika Vitanda vya Watu

Siku yangu ya kwanza mu peloton, kile kikosi chetu kidogo hapa Bukavu, nilingojea kupewa bunduki. Adjudant, mukubwa wetu, alinipa shuka. Akanisimamisha mbele ya kitanda chake, akakivuruga chote, akaniambia nikirudishe vile nilivyokikuta. Nilifikiri ananichezea kwa sababu niko mugeni.

Ninyi vijana munaoingia jeshini leo, nawaelezea kazi ilivyokuwa, ingawa nilisoma kidogo na pengine mahali fulani nakosea. Kazi yetu kubwa ilikuwa bouclage: munazunguka mutaa alfajiri, mutu hatoki, halafu munapekua nyumba moja moja kutafuta silaha. Adjudant alikuwa na desturi yake. Unapiga hodi. Mwenye nyumba anatembea mbele, anaona mikono yako. Ulichotoa unarudisha, na kitanda ulichovuruga unatandika. Peloton zingine zilituita maboyi, watumishi wa nyumbani. "Ba-boyi bamefika," walisema, "mutupikie na sombe." Adjudant alicheka pamoja nao, kisha akaendelea kukunja pembe za shuka.

Siyo kwamba desturi ile haikutuletea hasara. Kule Mumosho, tulipokuwa tunangoja mulango ufunguliwe, mutu tuliyemutafuta alitorokea nyuma. Major, mukubwa wa adjudant, alitugombeza sana, na kwa upande wake alikuwa na haki: juma lile alikuwa amezika askari. Kama ni hodi ndiyo ilituponza, mupaka leo sijui.

Kisha ikafika zamu ya Katana. Mama mujane alitufungulia. Chini ya godoro la kijana wake tukatoa bunduki. Tukamufunga kijana mikono. Mwenzangu mumoja, ambaye rafiki yake alikuwa kati ya wale waliozikwa, akainua kitako cha bunduki juu ya kichwa cha kijana. Major akasema kwa redio tumalize haraka. Hakusema namna gani, na kila mutu alisikia kivyake.

Adjudant akaingia katikati.

"Shusha. Huyu iko mu mikono yetu sasa."

"Mon adjudant, balimuua rafiki yangu."

"Najua. Ni mie nilimubeba. Huyu anaenda kwa auditeur na miguu yake."

Auditeur ndiye mushitaki wa jeshi. Halafu adjudant akanigeukia. "Na wewe, unangoja nini? Tandika."

Nikatandika, pembe zikakataa kukunjika. Mama alikuwa analia. Alipoona shuka imenishinda, akaja akashika upande mumoja, mie upande wa pili, tukainyoosha pamoja. Kijana alifika kwa auditeur akiwa muzima. Kama alihukumiwa vizuri, sikufuatilia, siwezi kusema.

Adjudant alihamishwa Shabunda. Walisema anachelewesha kazi. Malaria ilimumaliza huko. Mwenzangu yule alimukasirikia kwa muda murefu, lakini ni yeye aliyenipigia simu kuniambia amekufa.

Sasa nimepumzika kazi ya jeshi. Najua kuna watu ambao bado wakisikia viatu vya askari mulangoni moyo unaruka, na wana sababu. Hamu yangu siyo bunduki, wala kambi. Kila asubuhi natandika kitanda changu, nakunja pembe, narudi nyuma kidogo, nasimama wima. Nangoja adjudant aje aangalie.