Matanga Hayafiki Chini ya Maji

Asubuhi moja ningali naikumbuka, mwanangu, kana kwamba mvuke wake bado umetanda usoni pangu. Nilikuwa nimetoka kazini, kiwanda cha mikate kule Stratford, basi limenishusha Walthamstow, mtaa niliokaa huku Uingereza, na wenye meza za sokoni ndio kwanza wanafunga maturubai yao kwa kamba. Wao wanaianza siku, mimi naimaliza. Majira ya baridi yalikuwa yameshika. Jua sikuwa nimeliona sijui tangu lini, maana naingia kazini giza, natoka giza, na mchana nalala pazia limeshushwa. Ukiishi hivyo, siku hazina mipaka. Hujui kama ulilolifanya jana ulilifanya au uliliota.

Kabla sijafika mbali, umjue anayesema nawe. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe tulisukumana tu. Leo nina malori ya kuhamisha watu nyumba, yameandikwa jina langu ubavuni kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Vijana wenye shahada mbilimbili huniita bosi. Sikushikwa mkono na mtu. Wanasema kujisifu si vizuri, lakini jogoo asipowika mwenyewe, nani atamwikia? Nakuambia haya ujue kwamba mimi si mtu wa kuokota maneno ya watu. Neno la leo nililipokea kwa sababu aliyenipa alikuwa amelilipia.

Huyo alikuwa mwenye nyumba yetu, Bwana Fausto. Mgoa, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, akatumwa Uingereza na wazee wake akiwa kijana, wenyewe wakibaki Mombasa, akaingia jeshi la majini kuwa mpishi. Si mpishi wa meli hizi unazoziona, la. Alikuwa mpishi wa nyambizi, manowari inayozama kwa hiari yake na kukaa huko chini, watu wamo ndani wanakula, wanalala, wanagombania sabuni. Kwanza alipikia zile za dizeli, baadaye zile za nyuklia. Alipostaafu akanunua nyumba ya vyumba vitatu, akatujaza wanaume sita, wawili wawili kitanda kimoja, wa mchana na wa usiku.

"Kitanda hakipoi," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha Mvita. "Kule chini, kitanda kikipoa, yuwapi mwenyewe?"

Kitanda changu nilishirikiana na Mkongo mmoja wa Lubumbashi, Ilunga, aliyekuwa akifanya usafi hospitalini huko Lewisham. Nikiingia, ameshatoka. Nikitoka, hajarudi. Siku zake za mapumziko hulala kwa dada yake. Nilimjua kwa joto aliloliacha kwenye godoro, kwa harufu ya sabuni yake, kwa bonde la kichwa chake kwenye mto. Miezi nililala ndani ya joto la mtu nisiyeijua sauti yake, na wala sikuona ajabu.

Siku niliyohamia, Bwana Fausto alinionyesha bafu. "Jiloweshe, funga maji. Jisugue. Fungua, jisuuze, toka. Bomba haliachwi likaimba." Akanionyesha taa nyekundu ya ukumbini, isiyoumiza macho ya aliyelala. Kisha akaniuliza swali aliloliuliza kila mpangaji.

"Simu ikija na habari mbaya ya kwenu, nawe umelala, nikuamshe ama nikuache umalize usingizi?"

Nikacheka. Kijana wa Tanga, kifua mbele, nimevuka bahari na mfuko mmoja wa nguo. "Niache nilale, Bwana Fausto. Habari mbaya haizeeki, nitaikuta."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema, akarudi kwenye unga wake.

Sasa, mama yangu alikuwa Tanga. Kila wiki nilinunua kadi ya simu, nikampigia kaka yangu Hamisi. Na kila wiki, tangu baridi ianze, Hamisi ananiambia: mama hajambo, yuko msalani. Mama hajambo, ametoka kwa jirani. Mama hajambo, amelala. Mwanangu, mimi si mjinga. Mama yangu aliipenda simu kuliko chai. Mtu wa namna hiyo haendi kwa jirani wiki tano mfululizo. Nilijua liko jambo. Lakini sikuuliza. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na ningetoka nchini nisingerudi. Nikajiambia, kujua kutanisaidia nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi hata maradhi sikuyaficha. Niliyapa mgongo tu, nikalala.

Basi asubuhi hiyo niliingia jikoni, madirisha yamejaa mvuke, Bwana Fausto anakanda unga mikono yake mikubwa ikizama na kuibuka. Nikakaa. Joto likanilegeza, macho mazito, na yeye akaanza kusema kama alivyozoea, taratibu, hanitazami.

Akasema juu ya nyambizi ya dizeli. Harufu ya mafuta inaingia kwenye nywele, kwenye blanketi, kwenye mkate, hata mke wako akikukumbatia nyumbani anageuza pua. Maji ya kuoga hakuna, ni ya kunywa na ya kupikia. Mikebe ya chakula imepangwa sakafuni, ubao juu yake, mnatembea juu ya chakula chenu, na kadiri safari inavyokwenda sakafu inashuka kwa sababu mnaila. Kuta zinatoka jasho. Mkate unaota ukungu, mpishi anaukwangua, kilichobaki kinaliwa na wanaume wanashukuru. Kuna watu wanalala ubavuni mwa makombora kama mtu anavyolala na nduguye.

Kisha akasema juu ya ile ya nyuklia. Huko ni peponi, akasema, pepo isiyo na dirisha. Inajitengenezea maji yake na hewa yake. Mnaoga. Lakini dizeli hulazimika kupanda kuvuta pumzi, nyuklia haina haja hiyo, basi inashuka na wiki zinapita na wiki nyingine, mko kimya, hata sufuria haigongwi, kwa maana bahari ina masikio. Hakuna asubuhi wala jioni. Mtu huijua Ijumaa kwa samaki, Jumapili kwa nyama ya kuoka.

"Mimi ndimi niliyekuwa jua lao," akasema. "Nikitoa mkate, kumekucha. Nikichelewa, usiku umerefuka."

Nikaona kama jiko lile limezama. Nikaona mvuke wa dirishani ni maji, na soko lote la Walthamstow liko juu yetu, miguu ya watu inapita mbali kama matumbo ya samaki. Nilikuwa karibu kusinzia aliposema, kwa sauti ileile, habari za baba yake.

Kabla nyambizi haijaondoka, nahodha humwita kila mtu na kumuuliza: kukitokea msiba kwenu, tukuambie hukohuko, au tungoje turudi? Maana hata ukiambiwa huwezi kutoka, wala kujibu. Vijineno vichache vya kutoka nyumbani hupokelewa mara moja kwa wiki, navyo vimechujwa, hakuna la kuumiza. Bwana Fausto alikuwa kijana. Akajibu kama nilivyojibu mimi. Ngojeni.

"Tukazama. Baba yangu akafa Mombasa wiki ya pili. Mtu wa redio akajua, nahodha akajua. Mimi nikapika. Niliimba, bwana weye, nilifanya mzaha, niliwachekesha mezani, na wale wawili wakala mkate wangu kila siku wakinitazama. Tuliporudi, mlango wa juu ukafunguliwa, hewa ya nchi kavu ikanuka mno, macho yalikuwa yamesahau kutazama mbali. Ndipo nahodha akaniambia. Nikapanda ndege mpaka Mombasa. Nikakuta nini? Mikeka imekunjwa. Sufuria za watu zimerudishwa. Matanga yameondolewa zamani. Mama yangu ameshamaliza kulia, hana chozi la kunigawia. Nikatazamana nao, kila mmoja ameshavuka, mimi niko ng'ambo ya pili peke yangu na maiti ya baba yangu, kwangu bado mpya."

Akaugeuza unga. Chombo kile hakina tanga, nikawaza, na matanga hayakifikii.

"Sikuwalaumu," akasema. "Waliniuliza, nikajibu. Na mimi nilifungwa na maji, mita mia na zaidi juu ya kichwa changu. Lakini wewe." Hapo ndipo aliponitazama. "Ndugu yako alipiga simu jana, umetoka. Akanisihi nikikuona nikwambie mama hajambo. Mara mbili. Mtu hasemi hajambo mara mbili. Sasa nakuuliza wewe, kijana, ulalaye Walthamstow, kibanda cha simu kiko pale kona. Wewe maji yaliyo juu yako yana kina gani?"

Nikainuka kitini.

Nilitoka bila kofia. Nikapiga. Hamisi akaanza, "Mama hajambo, yuko..."

"Hamisi," nikamwambia, "nipe mama. Hata kama hawezi kusema."

Nikasikia kuku huko Tanga. Kisha Hamisi akalia. Kiharusi, akasema, upande wote wa kulia, na ulimi. "Tulisema utachanganyikiwa huko peke yako. Tulisema tukungoje upate karatasi."

"Muwekee simu sikioni."

Akaiweka. Nikasikia pumzi ya mama yangu. Haikuwa na neno. Inavuta, inakwama, inatoka. Nami sikujua mtu aseme nini na pumzi, basi nikamwambia yaliyokuwapo. Nikamwambia juu ya taa nyekundu, na kitanda kisichopoa, na Mgoa wa Mombasa aliyekuwa jua chini ya bahari. Nikamwambia kule sakafu ni chakula na watu wanatembea juu yake. Hapo pumzi ikabadilika. Hamisi aliniambia mdomo wake ulikwenda upande mmoja, ule mzima, kama anacheka.

Nikarudi nyumbani. "Bwana Fausto, nimebadili jibu langu. Niamshe."

"Haya," akasema.

Tangu hapo kila asubuhi nikitoka kazini nilisimama kwenye kibanda kile na kuzungumza na pumzi. Wenye meza sokoni walizoea kuniona. Nilimsimulia mikate inavyopita kwenye mkanda, ukungu unavyolala juu ya mabati, ndoto zangu, na nyingine nilizitunga. Ilifika mahali sikujua tena nani kati yetu yuko chini na nani juu. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Mimi na mama tulikutana katikati.

Adhuhuri moja nikahisi mkono kwenye mguu wangu. Kule chini ya bahari mtu huamshwa kwa kushikwa mguu, asije akakurupuka akagonga kichwa. Nikafumbua macho, Bwana Fausto amekaa mwisho wa kitanda. Hamisi alikuwa amepiga simu. Mama alikuwa amefariki saa ileile, na mwili wake bado una joto.

Nikaoga, nikavaa, nikashuka, nikakuta ameondoa meza na viti sebuleni na kutandika mikeka. Amewapigia simu wapangaji wenzangu wote makazini. Wakaja mmoja mmoja na nguo zao za kazi. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumba ile kuwa macho kwa wakati mmoja, tukatazamana kama wageni. Akaingia mtu mfupi, mpole, ana mvi kidogo, akanipa mikono yote miwili.

"Pole, ndugu. Ni miye Ilunga. Ule mutu wa kitanda."

Nikamtazama uso. Nikamshika, nikalia begani kwake, na harufu ya sabuni ile naijua kuliko harufu ya nguo zangu. Simu ya ukumbini iliachwa wazi, upande wa pili Tanga, tukasikia kina mama wanalia, na wao wakatusikia. Karatasi sikuwa nazo, kaburi sikuliona. Lakini nililia siku waliyolia wenzangu. Nikamgeukia mwenye nyumba kumshukuru, nikakuta amekaa pembeni mkekani, mabega yanatikisika. Alilia kuliko mimi. Sikumuuliza anamlilia nani.

Sasa shika hili, mwanangu. Nyinyi mna simu mifukoni, na mnaziweka kimya mlale. Usingizi ni haki yako, pesa tafuta, mimi nimezitafuta na nimezipata. Lakini usimkubali mtu akuambie hajambo mara ya tatu bila kumsikia mwenyewe. Usijizamishe pasipo maji. Na kama uko nyumbani na ndugu yako yuko mbali, usimchagulie. Muulize mapema, mkiwa na amani, "Nikuambie au nikungoje?", na jibu lake liheshimu. Huruma inayoficha humfanya mtu yatima mara mbili, mara ya kwanza hajui, mara ya pili hana mwenzake. Nasi tulio mbali, tuchague kujua. Kuumia pamoja na watu kuna mwisho wake. Kuumia peke yako, umechelewa, hakuna mkeka wa kukalia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya jasho lako, akulinde na baridi ya nchi hii, na kila litakalokujia, la kheri na la huzuni, akujaalie likukute katikati ya watu wako. Amin.