Mfupa Msafi wa Kishanda

Juzi nilikuwa ofisi ya mifugo, Bukoba, alipoingia mzee wa Kishanda na furushi la jani la mgomba. Ng'ombe wake alikuwa amekufa ghafla, na bwana mifugo alimwagiza alete mfupa wa mguu, ili daktari Mzungu atazame uboho kwa hadubini, ajue kama ni ule ugonjwa wa damu unaoua hata watu.

Mzee alilifungua kwa mikono miwili. Mfupa ulikuwa mweupe.

"Umeuosha?" aliuliza bwana mifugo.

"Waitu, bwana wangu, nimeuchemsha. Nisingeleta uchafu ofisini."

"Basi hautatuambia kitu. Na mchuzi?"

"Tulikunywa na majirani."

Bwana mifugo aliufunga tena mfupa, akachukua kofia aende Kishanda.

Nasikia tangu siku hiyo, watu wa Kishanda wakiulizana wameamkaje, wanasubiri jibu.