Miche ya Glenys Ilivyodumaa

Neville Hocking alikata manyoya ya kondoo mpaka mgongo ukamkatalia, ndipo akahamia Kanbera, mji mkuu wa Australia, na mkewe, Glenys. Saratani ilipoingia kwenye mifupa ya Glenys, dawa za hospitali zikawa zinamtapisha. Akataka bangi, nayo sheria ya pale inamruhusu mtu mzima kuotesha miche miwili uani kwake.

Neville akapata mbegu za ile aina ya haraka, isiyongoja siku zifupike. Umri wake ukifika inachanua, iwe kubwa iwe ndogo. Akazipanda kwenye vikombe vya mtindi kabla baridi haijaisha, kisha akaihamishia miche kwenye ndoo. Mizizi ikakatika, majani yakanywea. Kwa hofu akaimwagilia maji asubuhi na jioni, akaongeza mbolea ya kuku.

Jirani yao Zlata, mjane wa Kikroatia, akachungulia juu ya uzio.

"We Neville, unalima bangi au mpunga?"

"Imenyauka, Zlata. Ina kiu."

"Kiu gani? Inazama! Na aina hii haihamishwi, baba. Unaipanda palepale itakapokaa. Ikidumaa utotoni, haina muda wa kukua tena."

"Sasa nifanyeje?"

"Acha udongo ukauke. Zaidi ya hapo, sijui."

Maua yakatoka miche ikiwa na kimo cha kiganja. Wakati huo Glenys alikuwa amelazwa kwenye nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona.

"Imefika wapi, Nev?"

"Imenifika kifuani."

"Muongo mkubwa wewe!" Glenys akacheka, kisha akajishika ubavu kwa maumivu. "Kesho niletee tawi nilinuse."

Kesho yake Neville akaukata mche mmoja mzima. Ukaenea kwenye mfuko wa shati. Alipofika akakaa ndani ya gari akiutazama, akaona aibu kuuonyesha. Akauacha kitini, akaingia mikono mitupu.

"Nimesahau, mpenzi."

"Umesahau," akasema Glenys, akageukia ukutani. Hakuuliza tena, na wiki ile haikuisha akafariki.

Baada ya mazishi Zlata alimkuta Neville uani, amekaa chini kando ya ndoo.

"Angenicheka tu, Zlata," akasema. "Angenicheka, halafu angeunusa."

Zlata akakaa naye pale chini, mvua ikaanza kunyesha, na hakuna aliyeinuka.