Shamba la Kiongozi Hulimwa Mwisho

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu umeniambia kesho, kabla hujauliza swali lako bungeni, umealikwa chakula cha mchana Westlands. Usishtuke, sikukatazi kwenda. Mimi pia nilialikwa, nikaketi, nikala nikashiba, na samaki wao alikuwa mtamu kweli. Kaa kidogo. Chai ingali moto, na hapa mkahawani Adams hakuna anayetufukuza. Wewe umeapishwa juzi tu, bado kila mlango unafunguka kabla hujaugusa. Mimi ni mheshimiwa mstaafu, hata askari wa getini wamesahau kunipigia saluti. Lakini jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko nilio nao ndio huu.

Wakati huo nilikuwa na umri ambao bungeni huitwa ujana, ingawa nyumbani watoto walikuwa wameshaanza kunificha simu zao. Nilikuwa na sauti kubwa na viatu vya visigino virefu, na nilipenda vyote viwili visikike. Ila sauti isiyo na neno ni debe tupu. Neno la kusema nilipewa na Mama Mueni.

Mama Mueni tulisali naye kanisa moja. Alitoka Ukambani akiwa msichana, akaishi Nairobi miaka yote akisuka viondo, vikapu vya katani, na kuviuza Kenyatta Market, kwenye kibaraza kilichobanwa kati ya saluni na wachoma nyama. Mumewe alifariki, kisha binti yake Mueni naye akafariki, akabaki na wajukuu wa kulea. Serikali ilikuwa imeanza kuwapa wazee pesa kidogo za kujikimu, naye alikuwa akizipata. Halafu ikaja mashine ya alama za vidole. Mama Mueni akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Katani ilikuwa imevisugua vidole vyake mpaka vikawa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Karani akamwambia, "Pole mama, mashine inasema wewe si wewe."

Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka huko, na alianza kwa kucheka. "Mwikali," akaniambia, kwa maana hakuwahi kuniita mheshimiwa ila kwa kunitania, "kama mimi si mimi, hii njaa ni ya nani?"

Nikaandika swali la kumwuliza waziri mbele ya kamati: je, anajua kwamba wazee katika nchi nzima wananyimwa haki yao kwa sababu mashine haivitambui vidole vilivyochakaa kwa kazi, na atafanya nini? Kanuni unaijua. Swali likitajwa, aliyelileta sharti awepo aulize kwa kinywa chake. Asipokuwepo linaanguka, na kuliinua tena ni kazi ya miezi. Wewe unaijua kanuni hiyo, na watu wa wizara wanaijua kukushinda.

Basi nikapigiwa simu na afisa mmoja wa wizara ambaye nilisoma naye chuo. Nitamwita Daudi, si jina lake. Akanialika Westlands, ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo hata msongamano wa magari unaonekana kama pambo. Tukakumbuka ya chuo, tukacheka, samaki akaja. Kisha Daudi akasogeza kiti.

"Mheshimiwa, si tuongee kama watu wazima," akasema. "Hiyo swali yako itatuletea watu wa magazeti, na unajua vile waziri hapendi hiyo kitu. Sasa sikia. Jumatatu natuma maofisa kwa eneo lako. Wazee wako wote watalipwa, hakuna mashine, hakuna maneno mingi. Wewe siku ya kamati uwe tu na safari. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ama?"

Mwanangu, nisikilize vizuri hapo. Hakunipa bahasha. Angenipa bahasha ningemrudishia usoni, maana wizi unanuka hata ukiwa na mafua. Alichonipa kilikuwa kitu chema: watu wangu wapate kula, tena mapema. Nilimwambia nitafikiria, lakini moyoni nilikuwa nimeshakubali, na lifti ikanishusha nikiwa najiona mkombozi.

Nikaenda Kenyatta Market moja kwa moja kumpa Mama Mueni habari njema. Nilimkuta anasuka, moshi wa nyama unampitia kichwani. Nikamweleza yote, hata samaki sikumficha. Alisikiliza bila kuacha kusuka.

"Na Mbula?" akauliza.

Mbula alikuwa mdogo wake, aliyeolewa Kitui, naye ni msusi wa viondo.

"Vidole vyake ni kama vyangu tu. Na huyo mheshimiwa wao hata njia ya kwao haijui. Sasa yeye nani atamwalika Westlands?"

Nikamjibu kwamba kila mbunge ana watu wake. Hapo akakiweka kiondo chini.

"Wewe Mwikali. Kwani mama yako hakuwahi kukupeleka mwethya?"

Alinipeleka, tena mara nyingi, nikiwa na jembe lililonizidi urefu. Labda ninyi mliozaliwa mjini hamjauona mwethya. Kule kwetu kina mama hujiunga kundi, wakaenda shamba hadi shamba wakichimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na nyimbo juu. Kundi la mama yangu lilikuwa na sharti moja ambalo halikuandikwa popote: shamba la kiongozi hulimwa mwisho. Nikiwa mdogo niliona ni uonevu. Mama Mueni ndiye aliyenieleza maana yake siku hiyo.

"Kiongozi akishalimiwa yake, mgongo unaanza kumuuma siku ya shamba ya mwenzake," akasema. "Tuliwaona. Si watu wabaya, ni mgongo tu. Sasa wewe unataka yetu ilimwe kwanza. Halafu utarudi huko kuulizia Mbula? Na mgongo?"

Nilijitetea, mwanangu, ulimi wangu haukuwa wa kushindwa upesi. Nikamwambia, "Mama, ukingojea hilo swali unaweza kukaa miezi bila chochote. Na watoto je?"

Hilo lilimgusa pabaya. Kwake jiko lilikuwa likiwashwa mara moja kwa siku, na mimi nilijua. Akavitazama vidole vyake.

"Uji tumezoea," akasema mwishowe. "Mimi niweke wa mwisho. Lakini enda uulize."

Nilirudi kwenye gari nikalia mpaka wanja ukanichuruzika. Kisha nikampigia Daudi nikamwambia sina safari yoyote.

Siku ya kamati Mama Mueni alikuja, amevaa nguo ya kanisani, akaketi nyuma kwenye viti vya wananchi. Swali likatajwa, nikauliza. Waziri akajibu vizuri kama wanavyojibu siku zote: mashine zilifanyiwa majaribio, malalamiko ni machache, wizara inafuatilia. Nilikuwa na ruhusa ya swali la nyongeza. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazito, maneno ya kuvalia viatu virefu, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Mheshimiwa waziri, nyuma yangu ameketi mama mmoja ambaye mashine yenu inasema si yeye. Naomba mtuambie yeye ni nani."

Waziri, na hapa nampa haki yake, alivua miwani akamwomba mama asogee. Akaushika mkono wake, akapitisha kidole gumba chake juu ya kile cha mama.

"Ni kazi gani imefanya hivi?" akauliza.

"Ni katani," akajibu. "Na kufua nguo za watu. Wengine huko kwetu wana mikono mbaya kuliko hii."

Siku hiyohiyo waziri akatamka mbele ya kamati kwamba mzee akikataliwa na mashine, atambuliwe na chifu na majirani zake, alipwe. Nchi nzima.

Sasa usidhani pesa zilifika kesho yake. Zilienda taratibu, kaunti baada ya kaunti, na eneo letu likafikiwa karibu na mwisho. Labda Daudi alikuwa na mkono hapo, labda hakuwa nao, sitaapa. Mbula wa Kitui alilipwa kabla ya dada yake. Na unajua alifanya nini? Alipiga simu akicheka kama msichana, kisha akamtumia Mama Mueni sehemu ya pesa hizo anunue unga. Watoto wale walilishwa na shamba la Kitui tulilotangulia kulilima.

Na zamu yetu ilipofika, Mama Mueni aliniita Kenyatta Market akaninunulia nyama. Mimi, mwenye mshahara! Nilipotaka kulipa alinipiga kofi mkononi. Tukala kwenye ubao mmoja, chumvi katikati. "Kula, Mheshimiwa," akanitania, "sasa yetu imelimwa. Mgongo haujaanza?" Kisha akanipa kiondo hiki unachokiona hapa, cha mwisho mwisho alichosuka kabla macho hayajamwacha. Amelala sasa, Mungu amrehemu. Kila karatasi ya swali niliyowahi kuipeleka bungeni ilibebwa humu ndani, na kila nilipohisi mgongo unaanza, nilikitazama. Namshukuru mama yule kuliko ninavyowashukuru walionipigia kura, maana wao walinipa kiti na yeye akanifundisha kusimama.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Anayekuja na baya utamtambua mwenyewe, hunihitaji mimi. Mwogope yule anayekuja na jema la watu wako peke yao, na bei yake ni unyamaze. Kabla hujamjibu, jiulize Mbula wako ni nani na yuko wapi. Swali la wengi si mali yako hata uliuze kwa bei nzuri, umetumwa tu. Na ukiona haya kumrudia mwenyeji wako na jibu la hapana, kumbuka kuna mtu alikubali kunywa uji ili wewe uulize.

Nenda kesho, ule samaki. Chukua kiondo hiki, ni chako sasa. Karatasi ya swali lako iweke humu ndani, na jioni unipitie hapa unionyeshe kwamba bado imo. Mungu aliyenipa Mama Mueni akupe na wewe wa kukukemea mapema. Akupe sauti, na akupe mgongo usiouma mpaka shamba la mwisho limalizike.